Majibu ya ANA Yakiwa Chanya, Soma Kipimo cha Mzimuo Kwanza

Karatasi ya majibu inayosema tu "ANA: chanya" haijakamilika, na kwa maoni yangu kama mtu wa maabara, daktari ana haki ya kuirudisha. Kipimo hiki cha damu, ANA, hutafuta kingamwili zinazolenga kiini cha seli za mwili wenyewe. Kingamwili hizo hupatikana katika magonjwa ya tishu unganishi kama lupasi (kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe) na skleroderma (ngozi hukakamaa), lakini hupatikana pia kwa watu wasiougua chochote.

Seramu ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na seli, huzimuliwa (huchanganywa na kimiminika ili ipungue nguvu) hatua kwa hatua na kudondoshewa kwenye slaidi yenye seli za HEp-2 (seli za binadamu zinazokuzwa maabara), kisha huongezwa kingamwili nyingine iliyounganishwa na rangi inayong'aa kijani chini ya hadubini. Mng'ao unaodumu hadi 1:640, yaani sehemu moja ya seramu katika 640, una uzito kuliko unaofifia baada ya 1:80. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta majibu chanya kwa takriban asilimia 32 ya watu wenye afya kwenye 1:40, na asilimia 5 tu kwenye 1:160. Ndiyo maana vigezo vya lupasi vya mwaka 2019 huanzia 1:80, tena kama mlango wa kuingilia tu, si uthibitisho wa ugonjwa.

Baada ya mzimuo hufuata sura ya mng'ao, na hapo jicho langu hutafuta kwanza seli zinazogawanyika. Kingamwili za sentromea (sehemu ya kati inayoshikilia kromosomu) huonekana kama vidoti vingi vilivyotawanyika ndani ya kiini, ila katika seli inayogawanyika vidoti hivyo hujipanga mstari katikati, jambo linalomwelekeza daktari kwenye skleroderma ya aina finyu. Mng'ao ulioenea sawasawa kiini kizima, pamoja na kromosomu zinazogawanyika, huonyesha kingamwili za DNA au za histoni (protini zinazozungukwa na DNA). Hizi za histoni huweza kuletwa hata na dawa, mathalani haidralazini au isoniazidi.

Vipimo vya undani huombwa kulingana na dalili. Kingamwili za Sm (Sm, kama Ro na Jo-1 hapa chini, ni jina la protini inayolengwa) hupatikana kwa wagonjwa wachache wa lupasi, lakini zikionekana ni ushahidi mzito. Za Ro ni muhimu kwa mjamzito, kwa kuwa hupita kwenye kondo na mara chache huharibu mfumo wa umeme wa moyo wa mtoto tumboni. Za DNA hupimwa tena na tena pamoja na C3 na C4 (protini za kinga zilizo kwenye damu), maana mara nyingi hupanda ugonjwa unapochachamaa, huku C3 na C4 zikishuka. Kurudia ANA yenyewe kila miezi michache, desturi ambayo bado naiona, hakumfaidii mgonjwa.

Majibu hasi nayo yana mipaka yake. Kingamwili za Jo-1, zinazohusiana na uvimbe wa misuli na mapafu, hulenga kitu kilicho nje ya kiini, kwenye saitoplazimu, hivyo ANA huweza kuandikwa hasi ilhali zipo. Misuli ya mapaja na mabega ikidhoofu, Jo-1 iombwe kwa jina lake kwenye fomu.