Utelezi unaokula mafuta ya meli

Ukitaka kujua kinachozipunguzia meli mwendo, huna haja ya kufika Kilindini, bandari ya Mombasa. Panda juu ya paa la ploti yako hapa Nairobi, fungua tangi la maji lisiloguswa kwa miezi, kisha pitisha kidole kwenye ukuta wake wa ndani. Ule utando unaoteleza ndio mwanzo wa shida yenyewe.

Nikisema hivi darasani hubishiwa: kinachoteleza kitaizuiaje meli? Kidoleni kinateleza, kweli. Lakini utando huo una vinundu na nyuzinyuzi zinazotikisika meli ikienda, na kila uzi unakoroga maji. Nguvu iliyokusudiwa kuisukuma meli mbele inapotelea kwenye vurugu hiyo, na injini inadai mafuta zaidi ili mwendo ubaki uleule. Mwaka 2021, IMO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa baharini, lilieleza kuwa utando wa nusu milimita, ukifunika hadi nusu ya ubavu ulio majini, unaweza kuongeza gesi joto zinazotoka meli ikichoma mafuta kwa asilimia 25 hadi 30, kutegemea meli na mwendo wake. Mafuta hayo ya ziada lazima yalipwe na mtu, na mzigo mwingi unaoshushwa bandari kavu ya Embakasi, hapa Nairobi, ulikuja kwa meli.

Mabaharia wa pwani walilijua hili kitambo. Jahazi lilipwelezwa ufukoni, likakwanguliwa, likapakwa deheni ya mafuta na chokaa. Meli ya makontena yenye urefu wa mita 300 huwezi kuipweleza. Chelezoni, mahali pakavu pa kukarabatia meli, hupanda mara moja kwa miaka kadhaa. Katikati ya hapo kazi imekuwa ya wapiga mbizi, nayo ni ya hatari, tena gizani.

Hapo ndipo roboti inapoingia. Ni kigari kinachonata kwenye chuma kwa magurudumu ya sumaku, kina kamera na brashi, na huongozwa na mtu aliye pakavu. Ile ya kampuni ya Jotun ya Norway, iliyozinduliwa mwaka 2020, huishi melini humo humo na kushushwa meli ikiwa imetulia.

Kosa ninaloliona kwa wenye meli ni kungoja mpaka bili ya mafuta ipande. Kufikia hapo vijidudu vyenye magamba vimeshagandamana na chuma, brashi laini haifui dafu, na ile ngumu inabandua rangi pamoja na shaba iliyochanganywa humo kuua viumbe. Afadhali kupangusa utando mara kwa mara ungali laini.

Na taka zake? Kuna roboti zinazosugua tu na kuziachia bandarini, pamoja na viumbe wageni waliosafiri na meli kutoka bahari nyingine. Nyingine hufyonza uchafu huo kwa bomba la mpira na kuuchuja juu ya maji. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini ndizo ningeziruhusu Kilindini.