Mfaa uko katikati

Wapiga picha wa Lamu utawasikia wakionyana: usiweke kitu katikati, ni kosa. Si kosa. Onyo hilo linatokana na kanuni ya theluthi: igawe picha mafungu matatu, na kitu kikae kwenye mistari ya mgawanyo, si katikati. Kanuni hiyo iliandikwa mwaka 1797 na John Thomas Smith, msanii Mwingereza, akizungumzia michoro ya mandhari: mbingu, maji na nchi kavu visigawane picha nusu kwa nusu. Upigaji picha wenyewe haukuwapo bado!

Jahazi linalokwenda, sawa, liachie bahari mbele ya omo, yaani pua ya chombo. Lakini simama mbele ya mlango wa nakshi. Mfaa, ule mti unaoziba mwanya baina ya mbao mbili za mlango, umesimama katikati, na pande zote mbili zinalingana. Fundi alikusudia hivyo. Niliwahi kuusogeza pembeni kwenye picha. Ukaonekana kama umekatwa vibaya.