Kilimanjaro haikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa

Nimetoka kusahihisha insha za kidato cha tatu hapa Moshi. Swali: sababu za ukoloni. Kama kila mwaka, nimemkuta Malkia Victoria akimpa mjukuu wake, Wilhelm II wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro kwenye bethidei. Watoto siwalaumu, wameambiwa na baba zao, na baba zao wamesikia kwa waongoza watalii.

Haya, tuhesabu. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka ulioupeleka mlima upande wa Wajerumani mwishoni mwa mwaka 1886. Wilhelm II alitawazwa Juni 1888. Mwaka 1886 Kaisari alikuwa babu yake, na mambo ya nje yalikuwa mikononi mwa Chansela wake, Bismarck. Isitoshe, kijana huyo alizaliwa Januari!

Tarehe ningezisamehe. Nisichosamehe ni jinsi hadithi hii inavyofuta kila sababu tunayohangaika kuifundisha. Mwaka 1885 Karl Jühlke, mtu wa Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akikusanya mikataba ya ardhi, alipanda hapo juu Old Moshi akawekeana mkataba na Mangi (mtawala wa Wachagga) Rindi. Mwaka huohuo Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani Barghash wa Zanzibar, alikuwa amekuja kumtafutia Sultani huyo utii wa Wachagga. Rindi naye hakuwa mjinga. Alikuwa na ugomvi wake na Mangi Sina wa Kibosho, akamtafuta mgeni wa kumsaidia. Waingereza, kwa upande wao, waliitaka Mombasa na njia ya kwenda Ziwa Victoria, na walihitaji Bismarck awaunge mkono kuhusu Misri, waliyoivamia 1882. Ndiyo maana mstari ulitoka mdomo wa Mto Umba, ukafika Ziwa Jipe, ukapinda kuuzunguka mlima kwa kaskazini. Taveta ikaangukia kwa Waingereza, Uchagga kwa Wajerumani. Yote hayo tunayabadilisha kwa keki na mishumaa?

Makosa mengine ya insha hizo nayapitia haraka. Mkutano wa Berlin wa 1884–85 haukuchora mpaka wa Tanganyika. Ulishughulika na Kongo, Niger na masharti ya kukalia pwani. "Wajerumani walifuata mkonge wetu." Wetu upi? Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, nchi ishatekwa. "Walikuja kukomesha utumwa." Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873, na Wajerumani walitawala mpaka wakaondoka bila kuufuta utumwa. Sheria ya kuufuta Tanganyika ni ya Waingereza, 1922.

Darasani kwangu sababu isiyo na mtu wala mwaka haipati maksi. "Walitaka malighafi": nani, ipi, lini? Wananuna, wanaandika upya. Mwezi ujao nawapandisha Old Moshi kwa miguu, wakajionee kwa Sina palivyokuwa jirani na kwa Rindi.