Mchapishaji na banda lake: dhana potofu kuhusu maonyesho ya vitabu

Septemba inapoelekea ukingoni, wachapishaji wa Kenya na wenzao wa nchi jirani hupanga vitabu Sarit Centre, Westlands, kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1998 na huandaliwa na Chama cha Wachapishaji wa Kenya. Siku ya mwisho, maboksi yakianza kufungwa, swali linalozunguka ukumbini ni moja: "Mmeuza?" Aliyeuza anatabasamu, na ambaye hakuuza anaapa mwakani haji. Naamini swali hilo limewagharimu wachapishaji wetu kuliko ada ya banda, kwa sababu limewazoesha kupima siku chache za kukutana na watu kwa kipimo cha duka.

"Sanduku la fedha ndilo linaloonyesha kama maonyesho yamelipa"

Piga hesabu kabla hujaondoka ofisini. Kuna ada ya banda, mabango, kusafirisha maboksi kwenda na kurudi, malazi, na posho za wahudumu. Upande wa pili weka vitabu vya hadithi ambavyo kimoja ni shilingi mia chache za Kenya. Ili gharama zote zirudi kwa mauzo ya mkononi peke yake, wahudumu wangepaswa kuuza bila kupumua tangu asubuhi hadi kufunga. Anayelijua hilo mapema haendi kuyalaumu maonyesho. Anajiuliza: nani anakuja pale, na anaweza kukifanyia nini kitabu changu?

Jibu linategemea mahali. Maonyesho ya Cairo, yaliyoanza 1969, ni ya wasomaji. Familia nzima hujitokeza Januari na Februari kununua vitabu. Ya Bologna, Italia, yaliyoanza 1964, ni ya vitabu vya watoto, na wanaoingia ni watu wa kazi: wahariri, maajenti wanaowawakilisha waandishi, wachoraji, wafasiri. Aliyesafirisha maboksi ya kuuza rejareja hadi Bologna amelipia mzigo bure. Frankfurt, Ujerumani, kwa sura tunayoijua leo iliyoanza 1949 baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hutanguliza wafanyabiashara ya vitabu na kuwaachia umma mwisho wa wiki. Ya Sharjah, Falme za Kiarabu, yaliyoanza 1982, yana sura mbili: wachapishaji na maajenti hukutana kwanza kuuziana haki, yaani ruhusa ya kutafsiri kitabu au kukichapa katika nchi nyingine, kisha mwezi Novemba umma unafurika. Nairobi imechanganya kila kitu. Katika saa moja hiyo hiyo watapita mbele ya banda lako mzazi, mwenye duka, mkutubi, mwandishi anayetafuta mchapishaji na mchapishaji mwenzako kutoka Kampala. Mhudumu asiyejua kuwatofautisha atawapa wote kipeperushi kile kile, na wote wataondoka.

"Walimu wakuu watakuja kununua vitabu vya kiada"

Zamani, labda. Tangu Januari 2018 serikali ya Kenya hununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji, vile vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD), na kuvifikisha katika shule za umma. Tanzania nako vitabu vya kiada vya shule za serikali huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa hiyo rafu ya mbele ukiijaza vitabu vya kiada umeipoteza. Ipe vitabu vya hadithi, ziada na marejeo, na uwalenge watu wa shule binafsi na wakutubi. Mwaka wa masomo huanza Januari katika nchi zote mbili, na muhula wa mwisho ndipo shule binafsi zinapoanza kuandika orodha za mwaka unaofuata. Septemba ni mwezi mzuri wa kusikilizwa.

Mtazame mwalimu wa maktaba anavyonunua. Hasomi jalada la nyuma. Anakifungua kitabu katikati na kukilaza mezani, aone kama kimeshonwa au kimebandikwa gundi tu, maana kurasa zikianza kuachia, kitabu hakimalizi muhula mikononi mwa darasa zima. Anauliza kinafaa darasa la ngapi. Anauliza bei ya nakala arobaini, na kama kuna mwongozo wa mwalimu. Kijana aliyechukuliwa kwa kibarua cha siku hizo anamjibu, "Subiri kidogo, bosi anarudi sasa hivi." Mwalimu hasubiri, na banda la jirani liko hatua mbili tu. Hapo hakuna upungufu wa wateja. Aliyepungua ni mtu anayevijua vitabu, mwenye bei ya jumla mezani na ruhusa ya kuandika oda bila kumpigia mtu simu. Ningependa kuona mhariri mmoja katika kila banda, kwa zamu, hata kama kazi za ofisini zitachelewa wiki hiyo.

"Wanafunzi wanatujazia banda na hawana hela"

Mabasi ya shule yakishusha watoto wenye sare, wahudumu wengi huanza kuchunga vitabu. "Usishike kama hununui." Binti wa darasa la sita amesimama, begi mgongoni, amefika ukurasa wa nane wa hadithi, na anapokonywa kitabu kwa upole. Huyo ndiye msomaji ambaye kampuni nzima ipo kwa ajili yake! Hana hela leo, kweli. Lakini ana mzazi, na amekuja na mwalimu anayetazama ni kitabu gani kimemshika mtoto. Muache asome. Weka nakala mbili tatu za kuchakaa, zenye alama kwamba ni za kusomea hapo hapo. Mpe orodha ya vitabu ya ukurasa mmoja apeleke nyumbani, yenye bei, namba ya malipo ya simu, na maduka yanakopatikana. Kisha ziangalie zile nakala za kuchakaa jioni: iliyochakaa zaidi imekupa utafiti wa soko ambao usingeupata ofisini.

"Haki ni biashara ya Ulaya, na kitabu cha Kiswahili hakina mnunuzi wa haki"

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa sababu fedha iliyopotea hapa iko karibu mno na nyumbani.

Chukua kitabu cha watoto kilichochapishwa Dar es Salaam ambacho kingependwa Mombasa na Kisumu. Njia iliyozoeleka ni kupakia maboksi kupitia Namanga au Horohoro. Hapo kuna nyaraka za forodha, nauli ya lori, na kodi ya ongezeko la thamani ambayo vitabu vilianza kutozwa Kenya mwaka 2013. Kitabu kikifika rafuni bei yake imekipita kile cha mchapishaji wa Nairobi kilichokaa kando yake. Sasa chukua njia ya pili: mchapishaji wa Dar anampa yule wa Nairobi leseni ya kuchapa toleo la Kenya. Wa Nairobi anachapa mwenyewe, anauza kwa mtandao wake wa mawakala, anakipeleka KICD kama kinafaa, na analipa mrabaha, yaani asilimia ya mauzo. Hakuna boksi lililovuka mpaka. Mazungumzo hayo yanaweza kuanza kwenye kikombe cha chai Sarit, kwa Kiswahili, bila viza. Na njia hiyo inapitika kutoka upande wa Kenya vilevile.

Lugha nyingine nazo zipo. Kifaransa kwa Burundi na Kongo, Kiarabu kwa Ghuba ambako kuna jamii zenye asili ya Zanzibar na pwani yetu. Sharjah wana hata mfuko wa kusaidia gharama za tafsiri kwa mikataba inayoanzia kwenye maonyesho yao.

Kabla ya kuuza haki, hakikisha unayo. Fungua mkataba wako na mwandishi usome: je, alikupa haki za tafsiri na za matoleo ya nje, na mtagawana vipi? Mikataba mingi ya kwetu inasema tu kwamba mchapishaji atachapa na kuuza, basi. Ukisimama mbele ya mhariri wa kigeni na mkataba wa namna hiyo huna bidhaa. Rudi kwa mwandishi kwanza, mwandikiane nyongeza yenye asilimia zilizo wazi, naye atafurahi kujua kuna mtu anahangaikia kazi yake mbali.

Kisha andaa ukurasa mmoja kwa kila kitabu: picha ya jalada, muhtasari mfupi, umri wa wasomaji, idadi ya kurasa, tuzo kama zipo, nakala zilizouzwa, na haki ambazo bado hazijauzwa. Ambatanisha sura ya kwanza iliyotafsiriwa vizuri, na mlipe mfasiri, maana sura hiyo ndiyo itakayosomwa kwenye ndege. Vitabu vitano vinatosha. Mhariri aliyeonyeshwa arobaini hakumbuki hata kimoja.

Na miadi haisubiri siku ya ufunguzi. Frankfurt watu hukutana kwa vipande vya nusu saa, na shajara zao hujaa wiki nyingi kabla. Andika barua pepe fupi miezi miwili mapema, kwa wachapishaji ambao umesoma orodha zao ukaona kitabu chako kingekaa wapi. Meza ya miadi haihitaji kutia saini chochote. Inahitaji kukubaliana mtazungumzia nini baadaye: lugha, eneo, muda wa leseni, idadi ya nakala za kwanza, malipo ya awali, mrabaha.

"Bila punguzo kubwa hakuna atakayesimama"

Wenye maduka pia hutembelea maonyesho, na wanasoma mabango. Ukimuuzia mpita njia kwa bei ile ile unayompa mwenye duka, umemwambia asiweke oda. Punguzo dogo la maonyesho halina ubaya. Fungu la vitabu vya darasa, au mwandishi akiwapo kutia saini saa iliyotangazwa, huvuta watu bila kumkata duka mguu.

"Maonyesho ya nje ni ya makampuni makubwa"

Mwaka 1985 wachapishaji wa Kiafrika waliungana kuanzisha African Books Collective, wakiwemo akina Walter Bgoya wa Tanzania, ili vitabu vyao vifike Ulaya na Marekani kupitia mlango mmoja. Wazo hilo halijazeeka. Wachapishaji wanne wadogo wanaweza kukodi banda moja, wakagawana rafu na zamu, na kila mmoja akapata saa za kuzunguka ukumbini badala ya kufungwa kwenye kiti. Frankfurt wana programu ya kuwaalika wachapishaji wadogo huru wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, nayo huombwa miezi mingi kabla. Na kwa safari ya kwanza kabisa, ushauri wangu ni uende bila banda: tiketi ya mgeni, begi moja, miadi kumi. Ada ya banda ilipe mwaka unaofuata, ukishajua ukumbi upi unakufaa.

"Yameisha mabanda yakivunjwa"

Daftari la banda liandikwe palepale mtu anapoondoka: jina, shule au kampuni, kitabu alichokishika, alichoahidiwa, na lini. Kadi ya biashara isiyo na maelezo nyuma yake, baada ya wiki mbili ni karatasi tu. Wiki ya kwanza baada ya kurudi, mtu mmoja aachiwe kazi hiyo peke yake: nakala ya sampuli kwa shule iliyoomba, ankara kwa duka, sura iliyotafsiriwa kwa mhariri. Hesabu ya Nairobi ifungwe Machi, shule zikishafungua na kununua. Ya Frankfurt ipewe mwaka mzima, kwa kuwa mhariri aliyechukua sampuli Oktoba bado atatafuta msomaji wa kumtathminia, atakiingiza kitabu kwenye kikao cha kampuni yake, na kumtafuta mfasiri wa Kiswahili anayeaminika.