Gari lililolala mwaka mzima: si lazima moteri imekufa

Hapa Goma, gari likikaa mwaka kwenye parsele halafu likashindwa kupanda mlima, jirani ana jibu tayari: "Moteri imekufa, tafuta nyingine." Wengine wanasingizia urefu wa mji. Kweli, kwenye mita 1,500 hivi moteri isiyo na turbo (kifaa kinachoisukumia hewa zaidi) hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu, lakini ilikuwa inazipoteza hata kabla gari halijalala.

Anza na magurudumu. Freni zikishika kutu huweza kubana bila kuachia, na gari linajivuta kama limebeba viazi vya Masisi. Endesha kilomita mbili, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiiguse. Lenye joto kuliko mengine ndilo linalobana.

Kisha esansi. Ikikaa miezi mingi, sehemu nyepesi hupotea na inayobaki hutengeneza utandu unaoziba sindano za kupulizia mafuta. Kama inanuka kama rangi ya kupaka, imwage. Kuongezea mpya juu yake ni kujidanganya. Gari la mazuti, tazama maji ndani ya filtri.

Fungua pia kasha la filtri ya hewa. Panya wanalipenda sana, na kiota kimoja kinatosha kuinyima moteri pumzi.

Baada ya hayo ndipo fundi apime mgandamizo wa kila silinda, yaani jinsi inavyobana hewa ndani yake; hapo ndipo utajua kama moteri imechoka. Anayekuuzia moteri nyingine kabla ya kipimo hicho anabahatisha kwa pesa yako.