Fleti ya mbele ya bahari Malindi: ninavyoikagua kabla mtu hajalipa

Wiki jana nilipanda ngazi za jengo moja upande wa Casuarina hapa Malindi, pwani ya Kenya, kwenye ile barabara iliyopewa jina la mivinje, kukagua fleti inayouzwa. Vyumba vitatu, kila kimoja na choo chake, sakafu inang'aa, jikoni mawe ya graniti, na roshani pana ambayo ukisimama unaiona bahari mpaka pale mawimbi yanapovunjikia mwambani. Mnunuzi, mama mmoja mwalimu mstaafu kutoka bara, alisimama pale akanyamaza kwa muda. Nilimwelewa. Kisha nikatoa nyundo yangu ndogo nikaanza kugonga zege juu ya vichwa vyetu, akageuka kunitazama kwa mshangao.

Mimi ni mthamini wa majengo. Kila msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, naona watu wakishuka Malindi, wanaikuta bahari imetulia, maji ya buluu, na kabla ya wiki kwisha wameshalipa amana ya asilimia 10. Mara nyingi hiyo ni akiba ya maisha mazima. Inaniuma ikitolewa kwa nyumba ambayo hakuna aliyeichunguza, ndiyo maana naandika.

Nyundo inatafuta chumvi. Upepo wa baharini hubeba chumvi mchana na usiku, nayo hupenya kwenye zege polepole mpaka ifikie nondo, vile vyuma vilivyofukiwa ndani yake. Nondo ikishika kutu huvimba, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, na uvimbe ule hulipasua zege kutoka ndani. Mambo huwa mabaya zaidi fundi akichanganya zege kwa mchanga wa pwani usiooshwa, kwa kuwa hapo chumvi imo tangu siku ya kwanza. Zege zima ukiligonga hutoa sauti kavu, kali. Lililoachana na nondo hulia kama ngoma. Gonga chini ya roshani, kwenye kingo zake, na kwenye nguzo zinazotazama bahari. Rangi mpya isikutulize. Mstari wa kahawia unaopita sawa na nondo hujitokeza tena hata baada ya kupakwa mara mbili. Tazama pia mitambo ya viyoyozi iliyotundikwa nje, bawaba za madirisha na vyuma vya ngazi. Vikiwa vimeliwa na kutu, jiulize nondo usizoziona zina hali gani.

Ushauri wangu mwingine ni kuirudia nyumba wakati wa kusi. Aprili mpaka Septemba hivi, upepo hutoka kusini kwa nguvu, mvua hupigwa ubavuni, na madirisha yasiyoziba vizuri hujionyesha yenyewe. Ndio wakati mwani hulala ufuoni. Mto Sabaki nao, ukijaa matope ya bara, huweza kuibadilisha bahari ya Malindi ikawa ya udongo. Kuna wanaoipenda hata hivyo, lakini ni vyema uione kabla hujalipa. Jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii: bahari yetu iko mashariki, kwa hiyo roshani hupata kivuli alasiri huku ukuta wa nyuma ukichomwa na jua. Kama chumba cha kulala kiko upande huo, kiingie saa kumi jioni, si asubuhi.

Maji ya mji hutoka Baricho, kandokando ya mto huohuo, na hukatika. Uliza tangi la jengo ni la lita ngapi na linagawiwa fleti ngapi. Kisima cha uani ni msaada, ila kuonja ni bure: kikiwa na chumvi, kitamaliza mabomba na hita ya maji.

Sasa karatasi, mahali ambapo nimeona watu wakilia. Katiba iliyoanza tarehe 27 Agosti 2010 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya isipokuwa kwa kukodishwa, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Mgeni aliyekuwa na umiliki wa kudumu, haki yake iligeuka siku ile ikawa ya miaka 99. Malindi ina nyumba nyingi za Waitaliano na wageni wengine, na unaweza kuonyeshwa hati ya zamani iliyoandikwa umiliki wa kudumu ilhali kinachouzwa ni miaka inayokoma 2109. Bei ya kitu hicho si sawa na ya ardhi ya kudumu. Wakati mwingine mwenye nyumba ni kampuni na wewe unauziwa hisa. Hapo unaingia pamoja na madeni yake yote, kwa hiyo hesabu zake zipitiwe na mhasibu kwanza.

Halafu kuna sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo. Chini yake kila fleti huwa na hati yake, pamoja na fungu lake katika ngazi, paa, uwanja na bwawa, na wenye fleti wote huwa shirika moja. Majengo ya zamani huenda bado yanashikilia mikataba mirefu ya upangaji, huku hati mama, yaani hati ya kiwanja kizima, ikiwa kwa aliyejenga. Swali langu la kwanza kwa muuzaji ni hilo. La pili ni daftari la shirika: nani amelipa ada ya mwezi na nani hajalipa. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye jengo la pwani huisha upesi, kwa sababu rangi, paa na pampu haviwezi kungoja. Mwenye fleti tatu asipochanga, wewe mwenye moja utakaa gizani ngazini.

Gharama za pembeni ni hizi: ushuru wa stempu asilimia 4 ndani ya mji, unaolipwa na mnunuzi, na ada ya wakili. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji, usikubali ikusukumiwe.

Yule mama, nyundo ililia kama ngoma sehemu tatu juu ya roshani yake. Bado anaitaka fleti ile, nami simlaumu. Tumeomba gharama ya kuchimbua na kurudishia zege iondolewe kwenye bei, na mkataba hajautia sahihi. Mwezi wa saba, kusi ikivuma, tutarudi tukae pale mchana kutwa.