Kadi ya zamani ya SCSI ndani ya emuleta: yanayosemwa na yalivyo

Katika duka moja la uchapaji pale Nasser Road, Kampala, kuna kompyuta ya miaka ya tisini yenye kurasa za vitabu vya shule zisizopatikana kwingine. Diski yake ni ya SCSI, njia ya zamani ya kuunganisha diski na vifaa vingine kwenye kompyuta kupitia kadi. Tumeshainakili yote ikawa faili moja. Iliyobaki ni kuifundisha emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta, kuiga kadi iliyokuwa ikiendesha diski hiyo.

Ninaloambiwa kila siku, hata na mafundi wazoefu, ni hili: faili la diski lipo, basi emuleta ilisome tu. Sivyo. DOS, mfumo endeshi wa kompyuta hiyo, haizungumzi na diski. Draiva yake, yaani programu ndogo ya kuendesha kadi, inazungumza na kadi. Chukua kadi ya Adaptec AHA-1542, kama ya diski yetu. Draiva huandika ombi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, huweka anwani yake katika kisanduku cha barua, yaani sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa kwa kazi hiyo, kisha hugonga poti 330h, mlango ambao kadi husikilizia. Kadi hulifuata ombi yenyewe, huleta data moja kwa moja kwenye kumbukumbu, huacha jibu katika kisanduku cha pili, ndipo huiita prosesa. Emuleta lazima ifanye yote hayo. Anwani iliyo kisandukuni ina baiti tatu, na baiti yenye thamani kubwa zaidi hutangulia. Mimi nilizipanga kinyume, kwa mazoea ya prosesa za Intel, draiva ikakaa kimya jioni nzima.

Wengine husema ukiiga kadi moja ya SCSI umeziiga zote. Kiwango rasmi cha SCSI cha 1986 kilipanga mazungumzo ya kadi na vifaa vyake, si ya kompyuta na kadi. Kadi zenye chipu ya NCR 5380 hazina kisanduku chochote: draiva yenyewe huchagua kifaa na kusimamia kila hatua ya mazungumzo. Unachoweza kukitumia tena ni upande wa diski, kama amri ya INQUIRY, ambayo diski huijibu kwa jina la mtengenezaji lenye herufi 8 na la modeli lenye 16.

Wanaosema QEMU, emuleta tunayoitumia, ina SCSI tayari wako sahihi nusu. Inaiga chipu za kadi za aina nyingine, za PCI, kama LSI 53C895A, lakini draiva ya AHA-1542 haizijui. Emuleta nyingine, 86Box, inaiga AHA-1542 vizuri, na msimbo wake uko wazi, nimejifunza mengi humo. Ila inataka prosesa yenye nguvu, na kompyuta za duka letu hazina.

Vizuizi vya mwisho wa waya, vinavyozuia mawimbi yasirudi nyuma katika SCSI halisi, havihitajiki, maana hakuna waya. Namba za vifaa, 0 hadi 7, zinahitajika. 7 kwa kawaida huachiwa kadi.

Kuna pia imani kwamba kasi haina madhara. Diski halisi ilichukua milisekunde kadhaa kujibu. Emuleta ikijibu papo hapo, kuna draiva zitakazokuwa hazijajiandaa kuupokea wito, nazo zitasubiri bila mwisho. Tumeweka ucheleweshaji makusudi.

Juzi DOS iliwaka ndani ya QEMU, na ASPI4DOS, draiva ya Adaptec ya kadi hiyo, ikaorodhesha kifaa namba 0 kwa jina lilelile la diski ya zamani, tulilolinakili herufi kwa herufi. Mzee mwenye duka akavuta kiti, akaomba tuanze na hesabu za darasa la nne.